Trekta Dogo la Shamba na Boma: Namna ya Kuchagua Kabla Hujatoa Pesa

Nane Nane ikikaribia, maswali huwa yaleyale. "Nina heka kumi Kilosa, nichukue hosipawa ngapi?" "Haya ya mtumba kutoka Japani yanadumu?" "Pawatila, lile trekta la tairi mbili la kushika kwa mikono, si inatosha?" Anayeuliza hivyo mara nyingi ameshaliona trekta mahali, limepakwa rangi likang'aa, na anachotaka ni mtu wa kumwambia achukue. Siwezi kumwambia. Hosipawa, yaani nguvu ya injini, ni namba iliyobandikwa kwenye boneti. Kazi inafanywa na zana iliyofungwa nyuma, uzito uliokalia tairi na udongo ulio chini yake. Na mvua ikishuka Desemba trekta likagoma, hosipawa zote hizo hazina msaada kama spea iko Dar na fundi yuko mkoa mwingine.

Kwa hiyo tutaanzia nyuma ya trekta tuje mbele. Ninazungumzia matrekta ya hosipawa 18 mpaka 50, kwa mtu mwenye heka (yaani ekari) 5 mpaka 50 anayetaka kulima, kufyeka, kubeba mizigo na kufanya kazi za kuzunguka boma. Mifano ni ya Tanzania. Ukiwa Kenya au Uganda, hatua ni zilezile, makaratasi tu ndiyo yanabadilika.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Mchoro wa shamba, hata wa mkono: heka ngapi, wapi pana mteremko, wapi pana visiki na mawe, geti lina upana gani, daraja la mfereji linabeba nini.
- Orodha ya kazi zako za mwaka mzima, kila kazi na mwezi wake.
- Bei za kukodi trekta kijijini kwako: kulima, kupiga haro (kuvunja mabonge), kubeba tripu moja ya tela.
- Jina la fundi wa matrekta aliye karibu nawe, na duka la spea ulilolitembelea kwa miguu yako.
- Futi ya kupimia, tochi, kitambaa cheupe na simu ya kupiga picha. Hivi ni vya siku ya ukaguzi.
- Dereva. Kama dereva ni wewe, sawa. Kama si wewe, mtafute kabla ya trekta, kwa sababu dereva mbovu anamaliza klachi mpya msimu mmoja.

Hatua ya 1: Piga hesabu kama kweli unahitaji kununua

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu. Tuseme kijijini kwako kulima heka moja ni shilingi 60,000 na kupiga haro ni 40,000. Heka zako 10 zinakugharimu milioni moja kwa mwaka. Sasa tuseme trekta na plau yake ni milioni 25, nusu umekopa, nusu umetoa mfukoni. Riba peke yake inaweza kuzidi ile milioni uliyokuwa unamlipa jirani, na hapo hujanunua dizeli wala kumlipa dereva.

Basi utasema utalima na kwa watu. Sawa, tuhesabu. Ukibakiwa na 30,000 kwa kila heka baada ya dizeli na dereva, na unatakiwa kurejesha milioni 8 kwa mwaka, unahitaji kulima heka 267. Trekta dogo lenye plau ya sahani mbili linalima heka tatu na kidogo kwa siku nzuri. Hizo ni karibu siku 80 za kulima, na hakuna mkoa wenye msimu mmoja wa mvua utakaokupa siku 80 za udongo unaolimika.

Simaanishi usinunue. Maana yake trekta dogo halijilipi kwa plau peke yake. Linajilipa kwa tela: kubeba mahindi, mchanga, matofali, maji, kuni. Linajilipa kwa kupukuchua mahindi wakati wa mavuno na kwa kufyeka mashamba ya watu. Kama hesabu yako haina tela wala kazi ya kiangazi, irudie upya.

Ukiona hesabu inagoma kabisa, endelea kukodi, au nunueni watu wanne mnaoaminiana, na makubaliano yaandikwe kabla pesa haijachangwa: nani anaanza kulimiwa mvua ikishuka, nani analipa spea.

Hatua ya 2: Andika zana, usiandike trekta

Chukua ile orodha ya kazi, na mbele ya kila kazi andika zana yake. Kisha linganisha na makadirio haya ya nguvu ya injini:

- Rotaveta (zana ya visu vinavyozunguka kusaga udongo) ya mita 1.2: hosipawa 25 hadi 30. Ya mita 1.5: 40 na kuendelea.
- Plau ya sahani mbili: 30 hadi 40.
- Plau ya sahani tatu: 50 ni mwanzo tu, kwenye udongo mgumu inataka 60 na zaidi.
- Mashine ya kufyekea nyasi ya mita 1.2: 20 hadi 25. Ya mita 1.5: 30 hadi 35.
- Tela ya tani mbili mpaka tatu: 30 hadi 35, na hapa breki ni muhimu kuliko nguvu.

Mwenye mikorosho au miembe ambaye kazi yake kubwa ni kufyeka chini ya miti hahitaji trekta lile analohitaji mkulima wa alizeti Singida. Wa kwanza anataka trekta fupi lenye PTO nzuri, yaani ile shafti ya nyuma inayozungusha zana. Wa pili anataka uzito.

Kosa linalojirudia: kununua trekta pamoja na zana zote nne siku moja kwa sababu "bei ya jumla ni nzuri". Nunua mbili zitakazofanya kazi mwaka huu. Haro inayokaa chini ya mwembe miaka mitatu ni pesa iliyooza.

Hatua ya 3: Soma udongo, kisha uzito

Plau inavutwa na tairi zinazoshika ardhi. Trekta jepesi lenye injini kali litasaga tairi palepale huku plau ikikwaruza juu juu. Massey Ferguson 135, lile la kizamani ambalo wazee bado wanalisifia, lina takriban hosipawa 45 na uzito wa kama tani moja na nusu. Trekta la Kijapani la hosipawa 20 mara nyingi halifiki tani moja. Usishangae likishindwa kwenye plau.

Chimba shimo kwa jembe la mkono mara mbili, kiangazi na baada ya mvua ya kwanza. Kichanga na tifutifu vinasamehe. Karibu trekta lolote litafanya kazi. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, hausamehi. Unataka uzito, unataka fowili (tairi zote nne zinazosukuma), na unataka ujue siku za kuulima, maana ukiwa mkavu ni jiwe na ukilowa sana trekta linazama.

Fowili nakushauri uilipie kama una majaruba, mbuga au mteremko. Kama shamba ni tambarare na udongo ni mwepesi, trekta la kusukuma kwa nyuma tu ni rahisi kwa bei na kwa matengenezo, na ekseli ya mbele haina gia za kukusumbua.

Uzito unaweza kuongezwa: vyuma vya mbele, vyuma vya kwenye rimu za nyuma, au maji ndani ya tairi za nyuma mpaka robo tatu ya ujazo wake. Angalia tu kwamba trekta likiwa limenyanyua zana, walau moja ya tano ya uzito wake ibaki kwenye tairi za mbele. Chini ya hapo usukani unageuka na trekta linaendelea kwenda mbele.

Hatua ya 4: Sasa njoo kwenye hosipawa

Muuzaji anakutajia hosipawa za injini. Zinazofika kwenye PTO ni pungufu. Kadiria asilimia 85. Trekta la 30 linazungusha rotaveta kwa kama 25.

Halafu kuna mwinuko, jambo ambalo muuzaji wa Dar hatakwambia. Injini ya dizeli isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza nguvu kadiri unavyopanda; kwa hesabu ya haraka, asilimia moja kwa kila mita 100. Njombe iko juu ya mita 1,800, kwa hiyo hosipawa 30 za Kibaha, kule Pwani, zinakuwa kama 25 ukifika huko, kabla hata hujatoa zile za PTO. Ukiwa nyanda za juu, panda ngazi moja.

Kisha pima kama trekta litawahi msimu. Kanuni ni hii: upana wa zana kwa mita, zidisha kwa kasi kwa kilomita kwa saa, zidisha kwa 0.75 kufidia kugeuza na kusimama, gawa kwa 4. Unapata heka kwa saa. Plau ya sahani mbili inayokata nusu mita kwa kasi ya 4.5 inakupa heka 0.42 kwa saa, yaani kama 3.4 kwa saa nane. Rotaveta ya mita 1.2 kwa kasi ya 3 inakupa 5.4 kwa siku. Pawatila yenye upana wa sentimita 60 inaambulia mbili na kidogo, na dereva wake anatembea siku nzima kwa miguu.

Linganisha na siku ulizonazo kati ya mvua ya kwanza na kupanda. Zikitosha, usiongeze hosipawa kwa ajili ya sifa. Injini kubwa inakula dizeli hata ikifanya kazi ndogo.

Hatua ya 5: Pima upana na kimo

Mahindi na alizeti wengi tunapanda mistari kwa sentimita 75. Kama unataka trekta lipite katikati ya mimea kupalilia, umbali kutoka katikati ya tairi moja ya nyuma hadi katikati ya nyingine uwe sentimita 150, ili kila tairi ipite kati ya mistari. Matrekta mengi madogo ya Kijapani ni membamba kuliko hapo, na si yote yenye rimu zinazogeuzwa. Pima kwa futi, usiulize.

Kwenye bustani ya miti pima kimo cha usukani, bomba la moshi na fremu ya kumlinda dereva. Fremu inayokunjwa ni nzuri, ila ikunjuliwe ukitoka chini ya miti. Na geti lako je? Yupo aliyenunua rotaveta ya mita 1.5 akalazimika kubomoa nguzo.

Hatua ya 6: PTO, klachi na pini

Hapa pana mambo machache, lakini ukikosea zana haifungiki kabisa.

PTO ya kawaida inazunguka mara 540 kwa dakika na shafti yake ina meno sita, unene wa milimita 35. Trekta la Kijapani huwa na spidi kadhaa za PTO, tatu au nne. Uliza ipi iko karibu na 540, na injini iwe kwenye mzunguko gani. Ukifunga mashine ya kufyekea kwenye spidi ya juu kabisa, utaivunja giaboksi yake.

Pini za mikono ya kunyanyulia zana zina ukubwa wake. Daraja la kwanza, ambalo ndilo la mengi ya matrekta haya: pini za chini milimita 22, ya juu 19. Daraja la pili, la matrekta makubwa: chini 28, juu 25. Plau ya jirani mwenye trekta la hosipawa 75 haitaingia kwako, na hata ikiingia kwa vipande vya kuongezea, ni nzito mno.

Matrekta ya Japani yaliyokuja na rotaveta yake mara nyingi yana mfungo wa kwao: rotaveta imekaa karibu mno na trekta na mkono wa juu ni mfupi. Ukitaka kufunga plau ya kawaida inabidi ubadilishe mkono wa juu na kishikio chake. Hakikisha muuzaji anakupa vyote viwili. Vikikosekana, fundi wa kuchomelea atakutengenezea kitu kitakachopinda.

Klachi nayo. Trekta la klachi ya hatua moja ukikanyaga, gia na PTO vinasimama pamoja. Hapo mashine ya kufyekea ina hatari yake: visu vizito vinaendelea kuzunguka na vinalisukuma trekta mbele ingawa umekanyaga klachi. Dawa ni kifaa cha kuachia kinachofungwa kwenye shafti ya PTO, kinachoruhusu nguvu kwenda upande mmoja tu. Klachi ya hatua mbili, au PTO inayojitegemea, ni bora kwa mwenye rotaveta na mashine ya kupukuchulia.

Hatua ya 7: Jipya, mtumba, au pawatila

Pawatila zilimwagwa nchini baada ya Kilimo Kwanza, mpango wa serikali wa 2009, na nyingi ziliishia kuvuta vijitela barabarani. Si mbovu. Ni mashine za majaruba. Mbarali, Kilombero au Moshi Chini, kwenye maji na udongo laini, zinafanya kazi safi. Ukiipeleka kwenye ardhi kavu ya Kongwa itakutoa jasho na kukutingisha mikono mpaka usiku.

Matrekta mapya ya kiwango hiki mengi yanatoka India: Swaraj, Mahindra na Sonalika. Yamekaa kizamani, chuma kizito, umeme kidogo, na fundi wa kijijini anayaelewa. Kwa kulima heka nyingi kwenye nchi kavu, mimi ningeanzia huko.

Mtumba wa Japani, yaani Kubota, Yanmar, Iseki, Shibaura, ni mashine nzuri ajabu kwa kazi iliyotengenezewa: jaruba, bustani, rotaveta, kufyeka, kazi za boma. Ni mepesi, mengi yana fowili, yanageuka padogo. Shida ni kwamba modeli za soko la Japani ni nyingi mno na si zile zilizouzwa nchi nyingine, hata kama jina la kampuni ni hilohilo. Maandishi ya kwenye lever ni ya Kijapani. Kabla hujalipa, andika namba ya modeli na ya injini, nenda duka la spea, uombe vitu vinne: filta ya dizeli, sahani ya klachi, sili za haidroliki, na pampu ya maji. Wakivitoa, au wakitaja bei na siku za kuvileta bila kubabaika, endelea. Wakisema "vipo, utapata tu", hujapata.

CAMARTEC iliyoko Arusha ni chombo cha serikali kinachojaribu zana za kilimo. Kabla ya kuingia kwenye aina ngeni ya bei rahisi sana, ulizia kwao.

Hatua ya 8: Kagua la mtumba

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukilikuta la moto, limeshachemshwa ili liwake kirahisi. Kaa lipoe, hata kama ni nusu siku.

Kabla ya kuwasha:

a) Gusa injini. Iwe baridi.

b) Chomoa kijiti cha oili, pangusa kwenye kitambaa cheupe. Nyeusi ni kawaida. Ya rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Fanya hivyo hivyo kwa oili ya giaboksi. Trekta lililokaa uwanjani bila kufunikwa huwa na maji humo.

c) Fungua rejeta. Mafuta yanayoelea juu ya maji ni habari mbaya.

d) Angalia meno ya PTO, pini za mikono na mashimo yake, raba za pedali, sehemu ya kukanyagia. Mita ya saa inachezewa au kubadilishwa. Pedali iliyolika mpaka chuma haijui kudanganya. Mita ikisema saa 600 na meno ya PTO yamekuwa makali kama wembe, amini meno.

e) Tochi chini ya trekta. Mafuta mabichi kati ya injini na giaboksi ni sili imekwenda, na kuibadilisha ni kulikata trekta vipande viwili. Tafuta pia nyufa na mistari ya kuchomelea pale giaboksi inapoungana na ekseli.

f) Tairi. Bei ya tairi mbili za nyuma inaweza kukushtua, basi ziingize kwenye mazungumzo ya bei.

Kisha washa. Moshi kidogo mwanzoni si neno. Wa bluu usiokwisha ni oili inaungua. Mweusi bila mzigo ni nozeli, pampu au filta ya hewa. Mweupe unaoendelea injini ikishapata moto unaweza kuwa maji yanayopita kwenye gasketi ya hedi. Fungua kifuniko cha kuwekea oili injini ikiwa inanguruma. Ukiona inapumua kwa nguvu na kutoa moshi, ringi zimechoka.

Nyanyua zana nzito, si mikono mitupu, uiache juu dakika kumi. Ikishuka taratibu yenyewe, sili zinavuja. Jaribu breki ya kila upande peke yake. Ingiza fowili na uende kwenye mchanga uone kama tairi za mbele kweli zinasukuma. Lever kuingia si ushahidi.

Onyo: rangi mpya kila mahali, hata juu ya bolti, hosi na stika, ni sababu ya kukagua mara mbili. Hakuna anayepaka rangi hosi ya haidroliki kwa mapenzi.

Hatua ya 9: Lipeleke shambani

Kuzunguka yadi si jaribio. Omba lilime, hata robo heka, kwenye udongo unaofanana na wako, na wewe ulipie dizeli. Sikiliza injini ikiingia mzigoni. Baada ya nusu saa angalia geji ya joto, gusa pande za giaboksi, tafuta mafuta mapya yanayotoka. Muuzaji anayekataa kabisa jaribio la udongoni, muage kwa heshima.

Fundi wako awepo, na umlipe ujira wake wa siku wewe mwenyewe. Fundi aliyeletwa na dalali ana mwajiri mwingine.

Hatua ya 10: Makaratasi, kisha pesa

Namba ya chasisi na ya injini zisomeke kwenye chuma na zilingane na kadi ya usajili ya TRA, mamlaka ya mapato. Kama trekta limetoka bandarini halijasajiliwa, dai nyaraka zote za forodha, na bei iandikwe inajumuisha nini: usajili, namba, usafiri mpaka kwako. Misamaha ya kodi kwa zana za kilimo hubadilika kila bajeti, kwa hiyo mwulize TRA au wakala wa forodha mwaka huohuo unaonunua.

Ukikopa, ulizia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, dhamana ya PASS (mfuko unaowadhamini wakulima benki), au kampuni za kukodisha vifaa kwa kununua polepole, ambazo mara nyingi hushika trekta lenyewe kama dhamana. Omba marejesho yafuate mavuno. Rejesho la kila mwezi kwa mtu anayeuza mahindi mara moja kwa mwaka ni mtego.

Tenga pesa ya pembeni kwa ajili ya oili zote, filta zote, mkanda wa feni na betri. Mtumba wowote unaanza maisha mapya kwa kubadilishiwa hivyo siku ya kwanza, hata muuzaji akiapa kwamba amebadilisha jana.

Kabla hujalipanda

Mambo matatu yanayoua. Kwanza, kuvuta kisiki kwa mnyororo uliofungwa juu, kwenye ekseli au mkono wa juu: trekta linasimama kwa nyuma na kukugeukia chini ya sekunde mbili. Funga chini, kwenye chuma chake cha kuvutia mizigo tu. Pili, kanga, kitenge au koti linaloning'inia karibu na shafti ya PTO isiyo na kifuniko. Tatu, watoto na vibarua wanaopanda kwenye vifuniko vya tairi au wanaosimama juu ya plau. Trekta lina kiti kimoja.

Likianza kukusumbua

*Tairi zinazunguka, plau haiingii.* Usikimbilie kuongeza mafuta. Angalia kama sahani zimekuwa butu, rekebisha pembe yake, ongeza uzito nyuma. Kama ardhi bado kavu, subiri mvua. Upepo wa tairi ukizidi nao hupunguza kushika.

*Mbele inanyanyuka.* Zana ni nzito kuliko trekta au vyuma vya mbele vimekosekana. Mlimani, panda kwa kurudi nyuma mpaka utakapoviweka.

*Plau inavutia upande.* Sawazisha mkono wa kulia na wa kushoto, rekebisha mkono wa juu, angalia minyororo ya pembeni. Hakikisha tairi ya kulia inapita ndani ya mfereji uliotangulia.

*Injini inazimika kwenye rotaveta.* Punguza gia, acha mzunguko wa injini ulivyo. Lima juu juu mara ya kwanza, rudia mara ya pili. Ukipunguza mafuta, PTO nayo inapungua na udongo unasongamana zaidi.

*Joto linapanda ukifyeka.* Mbegu za nyasi zimeziba rejeta. Zima, subiri, zipulize kutoka upande wa injini kwenda nje. Kisha mkanda wa feni, kisha maji.

*Haidroliki haina nguvu.* Oili kwanza, halafu filta yake. Kwenye matrekta mengi oili hii ni moja na ya giaboksi, kwa hiyo ukijaza ya aina isiyofaa unaharibu sehemu mbili kwa mpigo. Pampu ni mtuhumiwa wa mwisho.

*Halipigi stata kabisa.* Kabla ya kununua betri, kaza na usafishe vichwa vyake. Halafu hakikisha PTO iko huru na umekanyaga klachi. Matrekta mengi ya Kijapani yana swichi ya usalama inayokataa kuwasha vinginevyo. Kama stata inazungusha lakini injini haishiki, toa hewa kwenye mfumo wa dizeli, hasa ikiwa tangi lilikauka.

*Shafti ya PTO inagonga.* Ni ndefu mno au imekaa kwa pembe kali. Nyanyua zana taratibu huku PTO imezimwa, uone kama vipande viwili vya shafti vinagusana mwisho. Vikigusana, ikatwe kwa kipimo.

*Bolti ya usalama ya mashine ya kufyekea inakatika kila mara.* Tafuta kinachoikata: kisiki, jiwe, au PTO iliyounganishwa injini ikiwa juu. Weka nyingine ya ugumu uleule, na ubebe za akiba kwenye kisanduku cha trekta. Ukiweka bolti ngumu isiyokatika, kitakachofuata kukatika ni giaboksi.